Kanisa la Bukini Lililobaki Bila Wachungaji

Kisiwa cha Madagaska, ambacho watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani walikiita Bukini, kilifikiwa na wamisionari wa Chama cha London mwaka 1818. Miaka miwili baadaye mmoja wao alipanda hadi Antananarivo, na Mfalme Radama wa Kwanza akamruhusu kufungua shule. Lakini Radama alifariki mwaka 1828, na kiti kikashikwa na mkewe, Ranavalona.

Tarehe 1 Machi 1835 Malkia aliwakusanya watu katika baraza kubwa na kuwapiga marufuku raia zake kuifuata dini hiyo. Haifai kumdhania kuwa alikuwa mkatili bila sababu. Aliogopa kwamba watu wataacha mila za mababu na kuwatii wageni, wala hofu yake ya wageni haikuwa ya bure, kwani mwaka 1896 Ufaransa ilikitwaa kisiwa chote. Hata hivyo walioumia ni raia zake mwenyewe.

Katika mwaka huo huo wa 1835 wamisionari walimaliza kupiga chapa Biblia nzima kwa lugha ya Kimalagasi. Mwaka uliofuata wa mwisho wao wakaondoka. Waumini wakabaki na kitabu, bila mchungaji hata mmoja.

Agosti 1837 mwanamke aitwaye Rasalama alipelekwa Ambohipotsy kuchomwa mkuki, naye akaenda akiimba nyimbo za dini njiani. Mwaka 1849 wanne wa ukoo wa kifalme walichomwa moto Faravohitra, na wengine wakaning'inizwa kwa kamba juu ya jabali la Ampamarinana. Kila mmoja aliulizwa kama ataikana imani yake; aliyekataa, kamba ilikatwa. Mamia ya wengine walitozwa faini, wakafungwa minyororo au wakauzwa utumwani. Wapo pia walioikana, na ni nani awezaye kuwalaumu?

Waliosalia walikutana usiku, majumbani na mapangoni. Biblia zilifukiwa ardhini. Zilipochakaa, kurasa ziligawanywa, huyu akiwa na barua ya Paulo, yule na Zaburi chache, na wajuao kuandika wakanakili sura kwa mkono. Aliyejua kusoma ndiye aliyekuwa mwalimu, awe askari, mkulima au mtumwa. Shule za Radama, zilizokusudiwa kumpatia mfalme makarani, zikawa zimelipatia kanisa wazee wake.

Ranavalona alifariki mwaka 1861, na mwanawe, Radama wa Pili, akatoa ruhusa ya kuabudu. Bwana William Ellis alipowasili mwaka uliofuata, hakukuta magofu. Waliokuwa mamia machache walikuwa maelfu, wenye viongozi wao waliowachagua wenyewe. Mwaka 1835 ilikuwa rahisi kusema kwamba dini hiyo ni ya Wazungu. Baada ya miaka 26 bila Mzungu kuisimamia, neno hilo halikuwa na nguvu tena. Baraka hiyo isingeletwa na chama chochote cha ng'ambo, ingawa gharama yake hakuna ambaye angeitaka.

Mwaka 1869 Malkia Ranavalona wa Pili alibatizwa pamoja na Waziri Mkuu wake, Rainilaiarivony. Wakati huo makanisa ya mawe ya ukumbusho yalikuwa yakijengwa mahali walipouawa wale waumini, mojawapo likiwa Ambohipotsy, juu ya kilima alikochomwa mkuki Rasalama.