Mwendo Uliobekiwa Una Bei Yake

Mkulima wa Mnero, upande wa Nachingwea na Ruangwa, huuza korosho mnadani kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Kijana wa huko huko mwenye kompyuta na Blender, programu isiyolipiwa, anaweza kuuza kitu kingine kabisa: mwendo wa wahusika wa katuni. Wanunuzi wapo. Studio ya Homeboyz ya Nairobi ilishiriki kutengeneza vipindi 52 vya katuni ya Tinga Tinga Tales kwa mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Mwaka 2023 Disney+ ilionyesha Kizazi Moto, filamu fupi 10 zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, zikiwamo za waongozaji wa Uganda na Kenya.

Kazi ya katuni hupitia mikono mingi. Mmoja hujenga umbo, mwingine hulitembeza, wa tatu huweka mwanga, na kila mmoja ana programu aliyoizoea. Mifupa na vishikizo vinavyomsogeza mhusika, vikiundwa kwenye programu ya Maya, havifanyi kazi vilivyo kwenye Blender. Kwa hiyo mafundi hubeki: mwendo hukokotolewa mara moja, kisha faili huhifadhi mahali ilipo kila nukta ya umbo, fremu kwa fremu. Njia hiyo ilienezwa na Alembic, aina ya faili iliyotolewa bure mwaka 2011 na Sony Pictures Imageworks na Industrial Light & Magic. Blender iliipokea 2016.

Tatizo ni uzito. Umbo la nukta 50,000, kwa fremu 24 kila sekunde, hufikia megabaiti 860 hivi kwa dakika moja. Alembic huandika mara moja tu kitu kisichosogea, lakini mhusika anayekimbia hapati nafuu hiyo, na anayetuma faili kwa bando la simu huusikia uzito huo mfukoni. Afadhali atume video nyepesi kwanza, abeki baada ya mteja kuridhika.

Lililo zito zaidi ni mkataba. Faili iliyobekiwa ni korosho iliyobanguliwa: inaliwa, haioti. Mteja hupata mwendo alioulipia, ila akitaka mhusika aruke badala ya kutembea, lazima arudi kwa mwenye mifupa. Fundi aliyeunda mifupa hiyo mwenyewe, akaikabidhi pamoja na faili kwa bei ileile, ameachia kazi zote zijazo za mhusika huyo. Kwenye kazi hii hakuna mnada wala ushirika wa kumtetea. Mkataba utaje bei ya mwendo peke yake, bei ya mifupa peke yake, na marekebisho mangapi yamo ndani ya malipo.