Msuli Unaobana Mlimani Hauombi Ndizi

"Daktari, nile ndizi ngapi kabla ya kupanda Lushoto?" Naulizwa hivyo na karibu kila kundi la marafiki linalopanga safari ya baiskeli kutoka Moshi hadi Tanga na kuamua kwamba, wakifika Mombo, watakata kushoto waingie Milima ya Usambara. Wanaogopa kubanwa na misuli, na wana haki ya kuogopa. Lakini wanakuja na vidonge vya potasiamu mfukoni na pakiti za glukosi kwenye mkoba, na hakuna anayeuliza apande kwa mwendo gani. Nimechoka kulijibu swali la ndizi kwa mtu mmoja mmoja, basi nalijibu hapa kwa wote.

Hoja yenyewe mnaijua: jasho linatoa madini, madini yakipungua msuli unakaza, ndizi ina potasiamu, basi ndizi ndiyo kinga. Haya, tuipime. Madini yanayotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Potasiamu hutoka kidogo. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban miligramu 400 za potasiamu na karibu haina sodiamu kabisa. Hata kama jasho lingekuwa chanzo, mngekuwa mnarudisha kile kilichopotea kidogo tu. Tena, watafiti wa Marekani waliowapa watu ndizi baada ya mazoezi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliona potasiamu ya damu ikipanda kidogo tu, na hata hicho kidogo kilichukua nusu saa hadi saa nzima. Mbano wa msuli kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache. Anayesimulia kwamba alikula ndizi akapona, alipona kwa sababu alishuka kwenye baiskeli.

Ushahidi mwingine kila mwendesha baiskeli anao mwilini mwake. Damu inayopita kwenye paja la kushoto ndiyo hiyohiyo inayopita mikononi, shingoni na kwenye taya. Kama damu imepungukiwa madini, kwa nini ukaze msuli mmoja tu, tena uleule uliokuwa ukisukuma pedali?

Wataalamu wa Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa wanamichezo wenyewe. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa Two Oceans, mbio za kilomita 56 za Cape Town: kati ya waliobanwa na wasiobanwa hapakuwa na tofauti ya maana kitabibu, si ya maji mwilini wala ya madini ya damu. Mwaka 2011 wakachapisha matokeo ya wanamichezo 210 wa Ironman, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Waliobanwa walitambulika kwa mambo mawili: walikwenda kasi zaidi, na waliwahi kubanwa siku za nyuma.

Maelezo yanayoendana na matokeo hayo yamo kwenye mishipa ya fahamu. Kuna vipokezi vinavyouhimiza msuli ujikaze, na vingine, vilivyopo kwenye kano, vinavyouzuia usijikaze kupita kiasi. Msuli ukichoka, mhimizo unaongezeka na kizuizi kinafifia. Ndiyo maana kuunyoosha msuli taratibu huvunja mbano haraka: kano ikivutwa, kizuizi kinarudi kazini. Hata maji ya achari ya matango, yaliyojaribiwa mwaka 2010, yalituliza mbano ndani ya takriban dakika moja na nusu, muda mfupi mno kwa madini yake kuleta badiliko kwenye damu. Kinachodhaniwa kufanya kazi ni ukali wake kooni.

Sasa itazameni barabara. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko karibu mita 1,400, na kati yake kuna takriban kilomita 33 za kona zinazopitia Soni. Mnafika hapo mkiwa mmeshapigwa na jua la tambarare tangu Same. Kisha rafiki mwenye miguu mizuri anaanza kupanda kwa nguvu, nanyi mnamfuata msionekane wazito. Hapo ndipo mbano unapotengenezwa. Paja linafanya kazi ambayo halikuwahi kuzoezwa, na ndizi iliyo tumboni haibadilishi hilo.

Vidonge vya potasiamu viacheni kwenye duka la dawa. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, vinaweza kupandisha potasiamu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Diklofenaki ya "kujikinga" kabla ya mlima nayo huziumiza figo ambazo tayari zimekosa maji.

Ya kufanya ni haya. Panda milima kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Rekebisha tandiko ili goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini. Ingiza gia nyepesi mwanzoni mwa mlima, usisubiri kuchoka. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Mwenye haraka akawasubiri Soni. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na hapo ndizi inafaa sana, kama chakula. Kunywa kwa kadiri ya kiu na usiogope chumvi kwenye chakula; maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu ya damu na yanaweza kuua. Ukibanwa, shuka, nyoosha msuli, ushikilie hadi ulegee, pumzika, kisha endelea polepole. Mkojo ukiwa na rangi ya kola, mwili mzima ukikaza, shavu la mguu mmoja likivimba au mwenzenu akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama safari ya kundi zima itaishia hapo.