Maswali Manne Mapokezini: Elimu ya Uhalifu Inapokutana na Tiba

Mtu aliyepigwa chupa usoni usiku wa Jumamosi hufika hospitalini akiwa na haja moja tu: damu ikome na jeraha lishonwe. Muuguzi wa zamu naye hana nafasi ya mazungumzo marefu, kwani foleni inamsubiri. Jeraha hushonwa, dawa hutolewa, mgonjwa huenda zake. Jumamosi inayofuata huletwa mwingine mwenye jeraha la namna hiyohiyo, pengine kutoka baa ileile. Hospitali imetibu watu wawili, lakini chanzo cha majeraha yao hakijaguswa.

Chanzo hicho ndicho kinachochunguzwa na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ambayo vyuo vikuu vingi hufundisha sambamba na masomo ya haki jinai. Mwanafunzi wake husoma sheria, kazi za polisi, mahakama na magereza. Husoma pia saikolojia, sosholojia na takwimu. Miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa ni kwamba uhalifu ulioandikwa katika vitabu vya polisi si uhalifu wote uliotendeka. Sehemu kubwa hubaki gizani kwa sababu aliyedhurika hakwenda kuripoti.

Elimu hii ina undugu wa zamani na udaktari, ingawa undugu huo ulianza kwa makosa. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kilichodai kwamba wapo watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Dai hilo lilienea sana. Mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alitoa matokeo ya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, akiwalinganisha na watu wasio wafungwa. Umbo la mhalifu alilolieleza Lombroso hakuliona. Funzo la kisa hicho ni kubwa: anayetafuta uhalifu katika sura ya mtu huishia kuwahukumu watu kwa sura zao.

Miongo mingi baadaye, daktari mwingine aliuliza swali tofauti. Jonathan Shepherd, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya katika mji wa Cardiff, Wales, alikuwa akirekebisha nyuso zilizovunjwa kwa ngumi na kuchanwa kwa vioo. Alipolinganisha kumbukumbu za hospitali na za polisi, aligundua kwamba mashambulio mengi yaliyowafikisha watu katika idara ya dharura hayakujulikana kabisa na polisi. Wapo majeruhi waliohofia kulipiziwa kisasi, wapo wasioweza kumtambua aliyewapiga, na wapo ambao hawakutaka mwenendo wao wenyewe uchunguzwe.

Basi hospitali ilikuwa na habari ambayo polisi hawakuwa nayo. Makarani wa mapokezi wakaanza kumuuliza kila aliyejeruhiwa kwa kupigwa maswali manne mafupi: ulishambuliwa mahali gani hasa, siku na saa gani, kwa silaha gani, na washambuliaji walikuwa wangapi? Majibu yaliondolewa majina, yakajumlishwa, kisha yakapelekwa kwa polisi na halmashauri ya mji. Hapo ilionekana wazi ni baa zipi na mitaa ipi iliyokuwa ikiwaleta majeruhi, na saa zipi. Polisi walielekezwa sehemu hizo, na mtaa wenye msongamano wa walevi ulifanywa wa waenda kwa miguu. Utafiti wa Shepherd kuhusu majeraha ya vioo nao ulichochea matumizi ya bilauri za kioo kilichoimarishwa, ambacho kikivunjika hutoa vipande vidogo visivyochana vibaya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la BMJ. Cardiff ililinganishwa na miji 14 inayofanana nayo. Waliolazwa kwa sababu ya kushambuliwa walipungua Cardiff kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Katika miji mingine waliongezeka kutoka 5 hadi 8. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Shepherd alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Stockholm ya kriminolojia. Hivyo mpasuaji akaheshimiwa na wanazuoni wa uhalifu kwa kazi iliyoanzia kwenye dawati la mapokezi.

Msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kwa ajili ya aliyejeruhiwa. Fomu hiyo ina jina la mtu, huhusu shauri moja, na yaweza kufika mahakamani kuwa ushahidi. Maswali manne ya Cardiff ni jambo jingine. Hayamtafuti mtu wa kushtakiwa. Yanatafuta mahali pa kurekebishwa. Tofauti hiyo sharti mgonjwa aelezwe waziwazi, kwa maana anayedhani kwamba kila neno lake litafika kituoni ataficha ukweli, au hatakuja kabisa kutibiwa.

Tahadhari nyingine inahitajika. Katika mji mkubwa, kuondoa jina kwaweza kutosha. Katika kijiji chenye nyumba chache, mahali na saa pekee vyaweza kumtambulisha mama aliyepigwa nyumbani kwake, na habari ikivuja aliyempiga ndiye atakayekuwa wa kwanza kuisikia. Kwa sababu hiyo taarifa hujumlishwa kabla ya kutoka hospitalini, na hakuna anayelazimishwa kujibu. Matibabu hayategemei majibu.

Kwa mhudumu wa afya, basi, elimu ya uhalifu si kazi ya kumgeuza askari. Ni kumwezesha kuona kwamba jeraha lina anwani na lina saa yake, kama kipindupindu kilivyo na kisima chake. Kwa mgonjwa, jibu la dakika moja mapokezini halitaliondoa kovu lake. Laweza, hata hivyo, kumwepusha mwingine na jeraha kama hilo Jumamosi ijayo.