Twiga Wamechorwa vya Kutosha

Paka wangu anaitwa Mtoza Ushuru. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakianikwa, hupita kichanja hadi kichanja akichukua chake, na risiti hatoi. Hapa kijijini Chiwanda tunafuga kwa sababu: paka ni wa panya, mbwa ni wa wezi na ngedere. Kwa hiyo nilicheka sana kijana mmoja msomi wa mambo ya samaki aliponieleza kwamba wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe ya ziwa letu, ambao wavuvi hawawahesabu kuwa kitoweo, Ujerumani na Marekani wanafugwa sebuleni ndani ya matangi ya vioo, na wana taa yao.

Biashara hiyo ilianza upande wa Malawi miaka ya 1960. Wafugaji huwaita mbuna, na wapo wanaouzwa kwa jina la Hongi, kisiwa chetu cha jirani na Liuli. Sijui mtu wa Hongi aliyewahi kulipwa kwa jina hilo, lakini tuyaache.

Kuwafuga si mchezo. Wanataka maji yenye alkali kidogo kama ya Nyasa, joto la nyuzi 24 hadi 28, na mawe ya kujificha, kwa kuwa dume ana eneo lake na akibanwa na mwenzake kwenye tangi dogo anaweza kumuua. Chakula chao hasa ni mwani unaoota juu ya mawe. Jike ndiye wa ajabu: akishataga huyaokota mayai, akayabeba mdomoni karibu wiki tatu mpaka watoto waweze kuogelea, na muda wote huo hali kitu, au anadonoa kidogo tu.

Nilipoyasikia hayo nikapata kazi mpya. Riziki yangu ni kuandika majina ya boti, na siku zote rangi ya mafuta hubaki kidogo kidogo kwenye makopo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa wetu huu wa Ruvuma, alianza na rangi za namna hiyo hiyo huko Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, akizipaka juu ya vipande vya masonite. Alifariki mwaka 1972. Miaka hiyo michache ilitosha kuacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Mtindo huo naupenda, ila wanaomfuata wamewachora twiga vya kutosha. Mimi nimejiwekea lengo la kuchora kila aina ya samaki ninayeweza kumwona kwenye mawe ya kwetu, kuanzia hapa hadi Mbamba Bay, mmoja mmoja, kila mmoja na kipande chake cha mbao.

Masharti ni mawili. Kwanza, simchori samaki aliyekufa. Akitolewa majini bluu yake inafifia, michirizi inachanganyika, unabaki unachora kitoweo. Naenda asubuhi, kusi ikiwa bado haijachafua maji, nalala kifudifudi juu ya jiwe na daftari la shule, nachora kwa penseli na kuandika rangi pembeni. Nyumbani ndipo nafungua makopo. Pili, simhamishi samaki toka jiwe hili kwenda lile ili nimwone vizuri. Kule Cape Maclear, Malawi, wafanyabiashara waliwahi kuhamisha aina za kwingine, zikazaliana na kukaa moja kwa moja kwenye mawe yasiyo yao.

Wateja hutaka dume, kwa sababu anang'aa. Jike wa aina nyingi ana rangi ya udongo, na picha yake hukaa ukutani muda mrefu bila kuulizwa bei. Namchora vilevile, shavu limejaa watoto, na bei sipunguzi.

Rangi inayoniishia mapema ni bluu. Kama umemaliza kupaka boti au dirisha na kopo lina kidogo chini, usilitupe. Niletee Chiwanda.