Kagua choo kabla mwanao hajaripoti chuoni

Musoma. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Bunda au Butiama mwenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu huuliza yaleyale wanayouliza wenzake: kozi gani, ada kiasi gani, mkopo utapatikana? Swali la choo huja baadaye, mtoto akishafika chuoni.

Hapo ndipo afya inapoanza kuyumba. Mwanafunzi ambaye kiti chake hakipiti mlango wa choo huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asibanwe akiwa darasani. Kunywa maji kidogo na kubana mkojo kwa saa nyingi huongeza hatari ya UTI. Anayekaa kutwa bila kujigeuza naye anaweza kupata kidonda cha mgandamizo, ambacho huchukua wiki nyingi kupona. Mitihani inampita, kisha watu wanasema masomo yamemshinda.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hata hivyo, mzazi usisubiri. Mpigie mshauri wa wanafunzi mapema, uombe chumba cha ghorofa ya chini. Ukiweza, nenda na futi kamba:

- Mlango wa choo uwe na upana wa angalau sentimita 80.
- Njia ya mteremko iwe na urefu mara 12 ya kimo inachopanda. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, mwanao atasukumwa kila siku.
- Kwa asiyeona, angalia kama mitaro imefunikwa na uulize vitabu vya nukta nundu.
- Kwa kiziwi, ulizia mkalimani wa lugha ya alama.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo huzingatia ulemavu wa mwombaji, lakini lazima uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Fuatilia fomu hiyo mapema.

Mjini Musoma, Shule ya Msingi Mwisenge, aliposoma Mwalimu Nyerere, hufundisha pia watoto wasioona. Kijijini kwake Butiama ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Kwa chuo kipya, wazazi wa Mara wana nafasi ya kuuliza mapema, maana mlango ni rahisi kuupanua kwenye ramani kuliko ukutani.