Kikulacho ki nguoni mwako: kuvu zinazojificha ndani ya fagaa

Jamaa zetu waliofanya kazi Kuwait, Saudia au Qatar wanaijua fagaa. Ni kitu mfano wa kiazi cha mviringo, hakina shina wala jani, huchimbwa jangwani baada ya mvua za majira ya baridi, na bei yake sokoni si ya mchezo. Katika Kiarabu cha vitabuni huitwa kam-a, nayo imetajwa katika hadithi za Mtume (SAW). Wafaransa na Waitaliano nao wana fagaa zao, nyeusi na nyeupe, ambazo mbwa waliofunzwa huzinusa chini ya miti ya mialoni.

Hata hivyo, fagaa si kiazi. Ni kuvu, ndugu ya uyoga, ila yenyewe huzaa chini ya ardhi. Haiwezi kujilisha peke yake. Nyuzi zake hushikana na mizizi ya mmea. Mmea huipa sukari, nayo huuletea mmea maji na madini kutoka udongoni. Ni ujirani wa nipe nikupe.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba ndani ya fagaa hamna fagaa peke yake. Watafiti wamechukua fagaa nzima, isiyo na jeraha, wakaikata na kuotesha kipande cha ndani maabarani. Mara nyingine kilichoota kilikuwa kuvu nyingine kabisa. Miongoni mwa kuvu hizo zimo za jamii ya Fusarium, jamii ambayo baadhi yake hunyausha nyanya, pamba na migomba. Bakteria pia wamejaa humo, na baadhi yao huchangia ile harufu inayowafanya watu watoe pesa. Si kila mgeni ni mbaya, na si kila Fusarium huua mmea. Lakini kwa macho matupu huwezi kuwatenganisha.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu miaka ya 1970, Wafaransa wamekuwa wakiuza miche iliyotiwa fagaa. Fagaa husagwa, ikachanganywa na maji, kisha ikapakwa kwenye mizizi ya miche michanga. Sasa ukisaga fagaa, umesaga na wageni wake. Ndiyo maana wenye vitalu makini hupima mizizi kabla ya kuuza. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kuwa wameikuta fagaa ya Kichina, isiyo na thamani kubwa, imeota kwenye shamba la Italia lililokusudiwa fagaa nyeusi ya Ufaransa. Mwenye shamba hungoja miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Fikiria kungoja hivyo, kisha ukavuna usichokipanda.

Sisi Pwani hatulimi fagaa. Lakini kubeba adui ndani ya kitu kinachoonekana kizima, hilo tunalifanya kila msimu wa mvua tunapogawiana machipukizi ya migomba. Mnyauko wa migomba huletwa na kuvu ya jamii hiyo hiyo ya Fusarium. Hukaa ndani ya mgomba, na chipukizi laweza kuibeba likiwa bado la kijani na lenye afya machoni pako. Ikishaingia shambani, hudumu udongoni kwa miongo, na dawa ya kupulizia haiuponyi mgomba.

Dalili zake ni hizi. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, kisha huvunjika na kuning'inia. Shina hupasuka karibu na ardhi. Ukilikata, ndani utaona michirizi ya kahawia au nyekundu. Wengi hudhani ni kiangazi tu, wakamwagilia maji wakingoja nafuu.

Aina ya zamani ya kuvu hii tunayo Kenya, na ndizi kisukari ni katika zinazodhurika. Aina kali zaidi, iitwayo TR4, ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, mwambao huu huu wetu wa Bahari ya Hindi.

La kufanya si gumu. Unayeweza kupata miche iliyooteshwa maabarani, nunua hiyo, kwa kuwa huanza ikiwa safi. Jembe na panga vikitoka shamba la mtu, vioshe udongo wote kabla ya kuviingiza kwako, na viatu pia. Mgomba ulionyauka usiuchimbe ukauburuta shambani kote, kwani utaisambaza kuvu. Mwite afisa wa kilimo auone pale pale ulipo. Na pale uliponyauka usirudishie mgomba wa aina ile ile. Panda mazao mengine.

Jirani akikupa chipukizi, pokea kwa shukrani, lakini kwanza nenda ukaone mama yake amesimamaje. Ukimkuta na majani ya manjano, mwambie jirani ukweli. Huenda yeye mwenyewe hajui, na kesho alikuwa anawagawia wengine watatu.