Je, wajua umri wa tairi lako?

Ubavuni mwa tairi, mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona, zungukia ubavu wa pili, kwani mara nyingi huchapwa upande mmoja tu. Mwenye gari la zamani na mfuko mwembamba aanzie hapo kabla hajauliza bei, kwa sababu tairi jipya la kampuni isiyovuma, lenye saizi sahihi, ni afadhali kuliko la mtumba lenye jina kubwa na miaka kumi mgongoni.

Muuzaji atakuonyesha meno marefu. Meno husema tairi limetembea kiasi gani, hayasemi limekaa miaka mingapi. Oksijeni iliyomo kwenye upepo hupenya mpira kutoka ndani, ikiukausha pale unaposhikana na nyaya za chuma, na joto huharakisha kazi hiyo. Mshiko ukilegea, gamba la juu huweza kubanduka gari likiwa kwenye mwendo, ilhali kwa nje tairi lilikuwa linang'aa. Ndiyo maana Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na liondolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe hata kama meno yapo. Uingereza nayo, tangu Februari 2021, imepiga marufuku matairi yaliyopita miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Hata la akiba huzeeka likiwa kwenye buti. Na kwenye mitumba ya Japani jihadhari na neno STUDLESS: hilo ni tairi la theluji, mpira wake laini huisha upesi kwenye lami ya moto.

Ni kweli, matairi mapya ya bei ya chini mara nyingi huchelewa kusimama kwenye lami yenye maji. Lakini udhaifu huo dereva anaweza kuukabili kwa kupunguza mwendo na kuacha nafasi. Mpasuko wa ndani wa tairi kuukuu, dereva hauoni. Wapo wanaosema gari lao ni la mjini, halikimbii. Gari hilohilo ndilo hubeba familia na magunia kwenda kijijini mwisho wa mwaka, upepo ukiwa haujapimwa, wakati tairi lenye namba ya mzigo 91 ubavuni limeundwa kubeba kilo 615 tu, tena likiwa limejazwa sawasawa.